Chombo Kimerudi, Msemaji Anyamaze

Hapo zamani, si za kale sana, maana wengi wa waliohusika bado wanapokea mishahara, palikuwa na nchi moja. Jina lake sitalitaja. Nchi hiyo ina wanasheria wengi kuliko madaktari, na mimi nina umri wa kuhitaji madaktari. Itoshe kusema kwamba kaulimbiu yake imeandikwa kwenye noti, kwenye mabasi ya serikali na juu ya mlango wa hospitali kuu, nayo ni hii: BADO KIDOGO.

Nchi hiyo ilikuwa na Kiongozi wa Muda wa Kudumu. Alishika madaraka kwa muda, akaona hali ya hewa inamfaa, akabaki. Wananchi walimpenda. Wachache ambao hawakumpenda waliitwa kwa mahojiano mafupi, na mahojiano hayo, kwa sababu ambazo serikali ilikuwa ikiendelea kuzichunguza, yalikuwa hayajaisha. Mimi si mtu wa siasa. Nina kiti changu, nina goti linaloniuma wakati wa mvua, na ninasimulia nilichokiona.

Basi Jumatatu moja redio ya taifa ilikatiza taarifa ya bei ya saruji ikatangaza kwamba, baada ya kimya cha miaka kumi na mmoja, Chombo kinarudi kwenye televisheni.

Asiyekijua Chombo hakukulia kwetu, kwa hiyo nitaeleza. Miaka ya nyuma nchi rafiki iliyo mbali ilituahidi matrekta. Wakati wa kuyaleta ulipofika ikaonekana kwamba nchi rafiki haina matrekta, ila ina tamthilia ya mambo ya angani, ndefu kuliko reli yetu. Ikatupa hiyo. Waziri wa Kilimo alikwenda kuipokea bandarini, makasha kwa makasha ya kanda, akahutubia kwamba taifa lisilotazama nyota haliwezi kujua msimu wa kupanda. Wakulima walipiga makofi, wakarudi kwenye majembe yao.

Tamthilia ilionyesha chombo kikubwa cha chuma kikikata anga miaka nenda, miaka rudi. Juu alikuwepo kapteni mwenye upara unaong'aa, na kando yake mwanamke mwenye masikio ya buluu. Chini, kwenye tumbo la chombo, walikuwepo watu wengi waliovaa kijivu, wamekaa kwa safu kwenye mabenchi. Hayo ndiyo tuliyoyaona. Kusikia ni jambo jingine, kwa sababu wote walisema lugha ya nchi rafiki, na kwetu hakuna aliyeijua lugha hiyo hata salamu. Hata jina la tamthilia hatukuweza kulisoma; tuliiita Chombo kwa kuwa mlikuwa na chombo ndani yake. Tuliiuliza Wizara ya Habari, Anga na Mambo Mengineyo tafsiri itakuja lini, nayo ikatujibu kwa kaulimbiu ya taifa.

Ndipo walipozuka wasemaji.

Kila kata ilikuwa na televisheni moja ya serikali, imefungiwa kwenye kizimba cha nondo katika ofisi ya kata isije ikatoroka. Kila Alhamisi alasiri watu walikusanyika mbele ya kizimba na viti vyao. Kando ya kizimba alisimama mtu mmoja mwenye kifua na asiye na haya, akawasemea wale wa angani. Kapteni akifungua mdomo, msemaji naye anafungua wake. Kapteni akiufunga, msemaji anameza mate. Hakuna msemaji aliyejua kapteni anasema nini, na hakuna mtazamaji aliyeuliza, maana mtu ukimtazama usoni kwa muda mrefu utaona tu anataka kusema nini, na usipoona utampa la kwako.

Kata ya Mlimani, kwa mfano, kapteni alikuwa kocha wa mpira anayezunguka anga akitafuta sayari yenye uwanja ulio sawa. Kata ya Bandarini alikuwa mganga. Posa zilivunjika kwa sababu ya mambo hayo. Nilihudhuria kikao kimoja cha ndoa ambapo mahari yalikubaliwa kabla chai haijapoa, kisha wazee wakabishana hadi adhuhuri kama watoto watakaozaliwa watalelewa kimpira au kiganga.

Kwetu, Kata ya Kinu, msemaji alikuwa Mzee Ngwali, aliyewahi kuwa dalali wa mnada wa mitumba. Sauti yake ilikuwa pana, yenye mikwaruzo kidogo, na ilifika hadi kwenye foleni ya maji. Kwa Mzee Ngwali kapteni aliitwa Kapteni Shaweji, mwokozi. Nchi ya watu wale wa kijivu ilikuwa imezama, naye amewapakia awatafutie sayari ambako foleni inasogea. Kila Alhamisi walikuta sayari mpya, wakashuka, wakaona foleni, wakapanda tena. Tulicheka mpaka machozi. Kisha tulikwenda kwenye foleni zetu.

Sasa nimfikie Bi Raya, muuza vitumbua, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu.

Bi Raya alikuwa na mtoto mmoja, Hamdani. Siku moja Hamdani alisimama kwenye foleni ya maji tangu alfajiri, na mchana akasema kwa sauti kwamba "bado kidogo" imekuwa ndefu sana. Alisema hivyo tu. Waliokuja kumchukua walikuwa na adabu, waliamkia kwanza. Walimwambia mama yake, "Mama, ni mahojiano mafupi, wala asihangaike na sweta." Bi Raya aliingia ndani kulitafuta sweta hata hivyo. Alipotoka nalo gari lilikuwa limeshaondoka.

Alizunguka ofisi zote. Kituo kikampeleka wilayani, wilaya ikampeleka wizarani, wizara ikamrudisha kituoni. Kila dirisha lilikuwa na kijana mpole aliyemwambia, "Bado kidogo, mama." Alirudi kwenye karai lake la vitumbua na miguu imevimba, na hakuna aliyemsikia akilia.

Alhamisi iliyofuata alikuja kwenye kizimba, akakaa mbele, beseni la vitumbua mapajani. Chombo kilianza. Kapteni alikuwa anahutubia, Mzee Ngwali anamsemea kama kawaida, mara kamera ikashuka tumboni mwa chombo. Kwenye benchi la nyuma kabisa alikuwepo kijana mwembamba, bega lake moja limeshuka kuliko la pili, kama bega la Hamdani. Mzee Ngwali akakwama. Tulidhani koo limekauka. Kisha kapteni akafungua mdomo tena, na Mzee Ngwali akasema kwa sauti ya Kapteni Shaweji, "Na yule kijana wa benchi la nyuma, Hamdani, mpeni blanketi. Ametoka kwao bila sweta."

Bi Raya aliitazama televisheni kwa muda, kisha akauliza kama mtu anavyomuuliza msafiri aliyetoka huko, "Amekula?"

Mzee Ngwali alisubiri hadi midomo ya kapteni ilipotikisika. "Amekula, dada. Wali na maharage."

Toka siku hiyo ikawa ada. Kila Alhamisi Bi Raya aliuliza, na kila Alhamisi alijibiwa. Amekula. Amepona mafua. Anamfundisha mtoto wa jirani yake hesabu. Kuna wiki kamera haikushuka chini kabisa, na Mzee Ngwali alisema amelala, tusimwamshe. Sisi wengine tulijua, na tulinyamaza. Kunyamaza tulikuwa na mazoezi ya kutosha.

Halafu nchi rafiki ikaacha kuwa rafiki. Nasikia ilikuwa kura fulani kwenye mkutano fulani, ambapo mjumbe wetu alikuwa amesinzia akanyoosha mkono. Chombo kilikatwa katikati ya kipindi, kapteni ameshika kitasa cha mlango mmoja wa chuma, anataka kuufungua. Tukabaki na kitasa hicho. Miaka kumi na mmoja watu wazima walikutana sokoni wakaulizana nyuma ya mlango kuna nini. Bi Raya hakuulizia mlango. Alikuja Alhamisi kadhaa akakaa mbele ya hotuba za Kiongozi, akauliza swali lake, na Mzee Ngwali, asiye na midomo ya kumsemea, alimwambia, "Chombo kiko nyuma ya mwezi, dada. Mawasiliano hakuna." Hatimaye akaacha kuja.

Kwa hiyo nchi hiyo ilipokuwa rafiki tena na redio ikasema Chombo kinarudi, nilimfikiria yeye kabla ya kufikiria mlango.

Nchi nzima ilipagawa. Wanaume walinyoa vipara, hata wale ambao kipara kiliwaanika makovu. Wanawake walipaka masikio rangi ya buluu hadi rangi ikaadimika, na waliochelewa wakatumia wino wa mihuri. Chama cha Wapenzi wa Chombo kilisajiliwa asubuhi na kufikia jioni kilikuwa vyama vitatu. Vijana ambao hawakuwahi kukiona walieleza kwa uchungu kwamba cha zamani kilikuwa bora. Wizara ikatoa Mwongozo wa Furaha, kwamba wananchi watafurahi kuanzia Jumatano adhuhuri, na furaha itakayoanza mapema haitatambuliwa. Kaka mmoja wa mtaa wa pili alikamatwa Jumanne akicheka.

Bi Raya alilifua sweta, akalianika juu ya ua.

"Bi Raya, huko angani kuna joto au baridi?" nilimuuliza nilipokwenda kununua vitumbua.

"Sijui, baba. Lakini miaka kumi na mmoja lazima pamekuwa na baridi siku moja."

Alhamisi ikafika. Tulijaa hadi nje ya ofisi ya kata. Mzee Ngwali alikuwa amezeeka, kifua kimeingia ndani, lakini alisimama mahali pake kando ya kizimba, ametafuna tangawizi tangu asubuhi. Kwanza alitokea Waziri wa Habari, Anga na Mambo Mengineyo, Dokta Eliabu Mangoya, udaktari wa heshima, akiwa na bendera mbili nyuma na glasi ya maji mbele.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna mataifa yaliyokwenda angani na kurudi mikono mitupu. Sisi hatukwenda, na leo anga imetujia yenyewe. Huo ndio uongozi. Zaidi ya hapo, ninayo furaha, kwa mujibu wa Mwongozo, kuwatangazia kwamba tafsiri mliyoiomba imekamilika. Serikali yenu ni sikivu. Ilisikia zamani, ikatafakari."

Tulitazamana. Hakuna aliyekumbuka kwamba tuliomba tafsiri. Mzee Ngwali aliitema tangawizi taratibu kwenye leso.

Jina la tamthilia likatokea, kwa mara ya kwanza kwa lugha tunayoisoma: DORIA. Kapteni alikuwa yule yule, amezeeka kama sisi, kashika kitasa kile kile. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mtangazaji anayesoma vifo na bei ya saruji.

"Wafungwa wote wahesabiwe," ilisema.

Kipindi kizima kilikwenda hivyo. Ndivyo tulivyojifunza kwamba kile kilikuwa chombo cha doria. Kilizunguka sayari kukamata waliotoroka na kuwarudisha walikotoka, kwa usalama wao. Mwenye masikio ya buluu, ambaye kwetu alikuwa shemeji ya kapteni anayempenda kimyakimya, alikuwa mkuu wa pingu. Mlango uliotunyima usingizi ulikuwa wa stoo, na kapteni alikishika kitasa kuhakikisha kimefungwa. Kilikuwa kimefungwa. Kamera haikushuka chini hata mara moja, na Bi Raya aliondoka na sweta lake kwapani bila kuuliza kitu.

"Wamembadilisha," alisema mtu nyuma yangu.

Na hilo ndilo nchi nzima ililosema. Wamembadilisha. Wameharibu. Wapenzi wa Chombo waliooana, wakazaa na kuzikana juu ya hadithi ile hawakukubali hata dakika moja kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mlimani walitaka warudishiwe mpira. Bandarini walitaka uganga. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru kata zetu ziliandamana bega kwa bega, na mabango yalisema TUNATAKA CHOMBO HALISI. Vyama vile vitatu viliungana kumwandikia balozi wa nchi rafiki kudai msamaha. Balozi alijibu kwa upole kwamba kapteni amekuwa askari siku zote, na kwamba nchini kwake tamthilia hiyo hupendwa zaidi na askari magereza wastaafu. Tulimhurumia balozi huyo, asiyejua hata tamthilia ya kwao.

Waziri Mangoya alifadhaika. Alikuwa na sheria ya kumkamata anayetaka mabadiliko, lakini hawa walitaka mambo yabaki yalivyokuwa. Basi akaunda Tume ya Kuchunguza Alichosema Kapteni, chini ya Jaji Mstaafu Festo Kalembe, na wasemaji wote wakaitwa.

Nilimsindikiza Mzee Ngwali kwa sababu alikuwa hapandi ngazi vizuri, nami nilikuwa siteremki vizuri. Ukumbi ulikuwa na mazulia na feni isiyozunguka.

"Unaijua lugha ya nchi rafiki?" aliuliza Jaji Kalembe.

"Siijui, mheshimiwa."

"Sasa ulijuaje kapteni anasema nini?"

"Sikujua. Nilimwona amechoka, nikamsemea kwa uchovu."

"Ulimfanya askari kuwa mwokozi."

"Hakuvaa kofia, mheshimiwa. Ningeiona kofia ningejua."

Wajumbe wakanong'onezana kuhusu kofia. Jaji akafunua karatasi. "Yupo mtu ulimwita Hamdani, benchi la nyuma. Tume imepitia kumbukumbu zote. Hakuna mtu wa jina hilo angani."

"Na ardhini, mheshimiwa?"

"Ardhini vipi?"

"Kumbukumbu za ardhini zinasema yupo?"

Jaji Kalembe alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akaahirisha kikao kwa ajili ya chai. Chai ile ilidumu hadi siku ya pili.

Hukumu ilikuwa ya huruma, redio ilisema hivyo. Wasemaji hawatafungwa. Kila mmoja atatokea kwenye televisheni Jumatano, siku moja kabla ya kipindi cha pili, kilichokuwa kimesimamishwa kuisubiri Tume, ataukana uongo wake mkubwa kuliko wote, halafu asiseme tena kwa niaba ya kiumbe chochote cha anga. Uongo wenyewe Tume imeshawachagulia ili wasisumbuke. Mzee Ngwali alichaguliwa Hamdani. Akikataa, kutakuwa na mahojiano mafupi.

Jumanne asubuhi alinipitia, tukaenda kwa Bi Raya pamoja. Sidhani alitaka shahidi. Nadhani hakutaka kufika peke yake. Bi Raya alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya karai, anageuza vitumbua.

"Karibuni. Kaka Ngwali, kaa hapo, moshi unaelekea huku."

"Dada Raya, kesho nitasema jambo."

"Nimesikia redioni. Kunywa uji."

"Wanataka niseme yule hakuwa Hamdani. Mbele ya nchi nzima." Alikishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe. "Nikikataa wananichukua. Na mimi, dada, nimefikiria kukataa. Usiku kucha nimefikiria."

"Ukichukuliwa nitakuwa na wawili wa kuwaulizia. Ile miguu sina tena." Aliopoa kitumbua, akakiweka kwenye ungo. "Hamdani nilimzaa mimi. Bega lake lililoshuka ni la kulia. La yule wa kwenye televisheni ni la kushoto."

Vitumbua viliungua upande mmoja na hakuna aliyevijali.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya kwanza."

"Sasa kwa nini uliniuliza? Miaka yote ile, dada. Mimi nilikuwa naogopa kila Alhamisi kwamba utagundua."

"Ofisi zote nilizokwenda, Ngwali, nimeambiwa bado, nimeambiwa kesho, nimeambiwa jaza hapa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mwanangu amekula." Akainuka kutafuta kuni, au alitaka kutugeuzia mgongo. "Kesho nenda kaseme. Kisha Alhamisi uje ukae na sisi. Mambo ya kufa kwa ajili ya maneno tuwaachie wenye magoti mazima."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sina la kuongeza juu ya hilo. Tulirudi nyumbani.

Jumatano wasemaji walipangwa kwenye mabenchi studioni, wamevalishwa suti za wizara, kijivu zote. Msemaji wa Mlimani alilia akisema hakukuwa na mpira. Wa Bandarini aliikana mizizi yote, mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Mzee Ngwali, nakiri nilikuwa na matumaini ya kipumbavu. Nilisogea karibu na nondo za kizimba chetu nikidhani atasema jingine, atapindisha hata neno moja kama alivyokuwa akipindisha bei mnadani. Hakupindisha. Aliisoma karatasi hadi nukta kwa kisauti chembamba ambacho sikukijua. "Kijana wa benchi la nyuma hakuwa Hamdani wa Bi Raya. Hamdani hayupo kwenye chombo. Mahali alipo panashughulikiwa." Kisha akauliza kama anaweza kukaa.

Nilisikia aibu, sikumsikia yeye tena, nikaenda nyumbani.

Alhamisi tulikuja wachache. Vipara vilikuwa vimeanza kuota nywele. Mahali pa msemaji, kando ya kizimba, serikali ilikuwa imemsimamisha askari mmoja, kama ilivyofanya kila kata, ahakikishe hakuna raia atakayesemea kiumbe cha anga. Jina lake Koplo Sijaona, mtu wa makamo, buti zimempwaya. Aliwahi kufika kabla yetu, akatusaidia kupanga viti.

"Eti ni kweli kwenu alikuwa mwokozi?" aliniuliza chini chini.

"Ndiyo, afande. Kwenu je?"

"Mimi mtu wa Mlimani. Kwetu kocha." Akatazama kama kuna anayesikiliza. "Yule wa benchi la nyuma, mwenye bega, alikuwa winga wetu. Alikuwa na kasi sana."

Mzee Ngwali aliingia akakaa safu ya mwisho, karibu na mlango. Hakuna aliyemsogelea, na mimi pia sikumsogelea mara moja. Bi Raya ndiye aliyeinuka mbele, akampelekea kitumbua, akarudi kukaa. Mapajani alikuwa na beseni, na juu ya beseni sweta limekunjwa.

Kipindi kikaanza. Sauti ya saruji ilisoma amri, ikasoma adhabu. Tulitazama kama watu wanaosubiri zamu kwenye dirisha. Mara kamera ikashuka chini.

Mabenchi yalikuwepo. Wengi walikuwa sura mpya. Ila nyuma kabisa, ukutani, alikaa mwanamume mwenye mvi za kwanza kichwani, bega la kushoto limeshuka. Miaka kumi na mmoja, na hawakuwa wamempa hata neno moja la kusema.

"Hesabu imekamilika," ilisema sauti ya mtangazaji.

Bi Raya aliinua uso.

"Amekula?"

Hakujibiwa. Mzee Ngwali alikuwa anatazama mikono yake. Kila mmoja wetu alikuwa na jibu mdomoni, na kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani. Kapteni aliendelea kutembea kati ya mabenchi, viatu vyake vikilia kwenye chuma. Bi Raya hakurudia swali. Aliliweka sawa lile sweta juu ya beseni, ingawa lilikuwa limekaa sawa.

Koplo Sijaona alikohoa. Alikuwa amesimama wima, macho yake yametazama ukuta wa mbele, kama walivyofundishwa chuoni.

"Amekula, mama," alisema. "Ugali na samaki. Kocha hawezi kumwacha mchezaji wake na njaa."

"Na baridi?"

"Amepewa blanketi. Zito."

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Raya, na huko nyuma nilimsikia Mzee Ngwali akipenga kamasi.

Kipindi kilipoisha koplo alitoka nje na simu yake ya upepo kutoa taarifa makao makuu. Nilikuwa nimesimama karibu, nasubiri goti likubali kutembea, nikasikia kila neno.

"Kata ya Kinu. Hali shwari. Hakuna raia aliyesemea kiumbe cha anga."

Nami niliyekuwepo nathibitisha kwamba taarifa ilikuwa ya kweli.